Wanataka kumnunua Zamda wetu

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni kijana wa Walukuba, hapa Jinja, na riziki yangu ni kuchora. Pamoja na wenzangu wawili tuna studio ndogo ya uhuishaji: chumba kimoja cha kupanga, kompyuta mbili, na kipaza sauti ambacho tunakifunika blanketi wakati wa kurekodi ili kelele za bodaboda zisiingie. Mimi nachora na kuhuisha. Mwenzangu mmoja, tuliyesoma naye, ndiye mwandishi wa programu. Wa tatu ni dada wa hapa hapa mtaani. Yeye huandika hadithi, na sauti za karibu wahusika wote ni zake.

Kazi tunayoipenda kuliko zote ni hadithi shirikishi ya watoto. Mtoto anatazama katuni kwenye simu, kisha hadithi inasimama na kumuuliza: Zamda apande mtumbwi au afuate reli kwa miguu? Akigusa jibu, hadithi inashika njia aliyoichagua. Zamda ni binti wa miaka kumi. Babu yake aliyaona maporomoko ya Ripon kwa macho yake, kabla bwawa la Owen Falls halijayazamisha mwaka 1954. Zamda anataka kujua maji yale yalikwenda wapi, basi anaufuata mto: kutoka Jinja hadi Ziwa Kyoga, Karuma, maporomoko ya Murchison, Pakwach, mpaka Nimule mpakani. Tumeiandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho tulichochezea utotoni Walukuba, na tunataka hata mtoto wa Busia ya upande wa Kenya na wa Goma aielewe.

Tulianza kwa furaha, lakini kazi haiishi. Kila dada akiongeza chaguo moja, kwangu mimi kazi inakuwa maradufu. Tunaishi kwa matangazo ya maduka na kadi za harusi zinazocheza kwenye simu. Umeme ukikatika usiku kompyuta ikiwa inatoa video, asubuhi tunaanza upya.

Sasa shirika moja la afya ya watoto limekiona kipande cha Zamda kwenye simu ya mtu na kutuita. Wanataka vipindi sita vya kufundisha kunawa mikono na kutumia maji safi, Zamda akiwa mhusika mkuu, kwa Kiswahili, Luganda na Lusoga. Malipo ni shilingi milioni 36. Pesa kama hizo hatujawahi kuzishika. Ila mkataba unasema wahusika, michoro, sauti, muziki na kazi yoyote itakayotokana navyo vitakuwa mali yao milele, duniani kote. Nilimuuliza bwana aliyetuletea: je, tukishamaliza tutaruhusiwa kuendelea na hadithi ya mto? Akasema tutaomba ruhusa.

Mwenzangu wa programu anataka tusaini kesho. Ana mtoto mchanga na anadaiwa kodi ya nyumba. Dada mwandishi amesema tukisaini tusitumie tena sauti yake. Wote wawili wananitazama mimi kwa sababu jina la biashara limesajiliwa kwa jina langu, lakini baina yetu hakuna karatasi yoyote, tunagawana kwa maneno. Mama naye ananiambia kuna nafasi ya kufundisha sanaa shuleni, niichukue.

Shangazi, tuuze au tusiuze? Na tukikataa, tutakula nini mpaka Zamda afike Nimule?

Ni mimi,
Mchoraji, Jinja

*

Marahaba, mwanangu.

Nimeisoma barua yako na nimemwelewa kila mmoja wenu, hata huyo anayetaka kusaini kesho. Mkataba huo msiusaini kama ulivyo, na shirika hilo msilifukuze. Lakini kabla ya mkataba nataka tuzungumze jambo ulilolitaja kwa kupita tu: kwamba dada akiongeza chaguo moja, kazi yako inakuwa maradufu. Shirika limewakuta tayari mna njaa, na njaa hiyo imetoka kwenye ramani ya hadithi yenu. Msipoirekebisha ramani, hata hizo milioni 36 zitaliwa, na Zamda atakuwa bado yuko njiani.

Chukua kalamu tuhesabu. Hadithi inaanza na kipande kimoja. Mtoto anachagua, vinakuwa viwili. Anachagua tena, vinne. Kisha vinane, kumi na sita, thelathini na viwili. Machaguo matano tu, yenye njia mbili mbili ambazo hazikutani tena, yanadai vipande 63. Kila kipande kikiwa cha nusu dakika, unatakiwa kuhuisha dakika 31 na nusu. Na mtoto aliyeshika simu ataona vipande sita tu, yaani dakika tatu, halafu hadithi imekwisha. Zigeuze dakika hizo ziwe michoro. Uhuishaji wa kawaida una fremu, yaani picha, 24 kwa sekunde. Ukichora mchoro mmoja kwa kila fremu mbili, kama wafanyavyo wengi, ni michoro 12 kwa sekunde na 720 kwa dakika. Dakika 31 na nusu ni michoro 22,680, na mchoraji ni wewe peke yako. Hapo sijahesabu mandhari, rangi, wala kurudia pale mwenzako anapoona mkono wa Zamda umekaa vibaya.

Sasa ichoreni ramani upya, njia zigawanyike kisha zikutane. Zamda akipanda mtumbwi au akifuata reli, jioni afike soko lile lile la samaki. Hapo aulizwe swali jingine, njia zigawanyike tena, zikutane tena. Kwa mpango huu machaguo matano yanahitaji kipande kimoja cha kufungulia, na kwa kila chaguo vipande viwili vya njia na kimoja cha makutano. Jumla ni vipande 16, dakika nane. Mtoto ataona vipande 11, dakika tano na nusu. Anapata karibu maradufu ya alichokipata mwanzo, na wewe unafanya kama robo ya kazi. Sijui namna nyingine ya kuokoa studio ya watu watatu iliyo haraka kuliko hii, na haihitaji mfadhili.

Najua dada mwandishi atauliza: kama njia zote zinafika soko moja, si tunamdanganya mtoto? Mwambie hadithi ikikumbuka, mtoto hadanganyiki. Mwenzenu wa programu anajua kuweka kumbukumbu: Zamda alimpa mvuvi taa ya babu, au hakumpa. Sokoni picha ni ile ile, lakini kama alimpa, mvuvi anamwita kwa jina na kumkatia kipande cha sangara. Kama hakumpa, anampita akihesabu nyavu zake. Picha moja, sentensi mbili. Sentensi ya kurekodi chini ya blanketi inachukua dakika chache. Nusu dakika ya kuhuisha inaweza kukumeza wiki nzima. Kwa hiyo uzito wa kuchagua uwekeni kwenye maneno, sauti, salamu, ukimya wa mhusika, na uhuishaji mpya uutunze kwa pale ambapo jicho lazima lione kitu kipya. Sioni kama hili linamshusha dada mwandishi. Linampa sehemu kubwa zaidi ya hadithi aibebe yeye, na linaupumzisha mkono wako.

Njia hii imejaribiwa kitambo. Mwaka 1967, kwenye Maonyesho ya Dunia ya Montreal, Radúz Činčera wa Chekoslovakia alionyesha Kinoautomat, filamu ambayo watazamaji waliiongoza kwa kubonyeza vitufe vilivyofungwa kwenye viti. Filamu ilikuwa inasimama, mtu anapanda jukwaani, anawauliza watu wapige kura, kisha inaendelea. Njia zake ziligawanyika na kukutana, hivi kwamba kura ikienda huku au kule, swali lililofuata lilikuwa lile lile. Činčera asingeweza kupiga picha za mti mzima wenye matawi yasiyo na mwisho, naye alikuwa na watu na fedha kuliko nyinyi.

Huyo mtu wa jukwaani nyinyi mnamjua vizuri, kwa sababu mmekulia kwenye vibanda vya video. VJ wetu husimama kati ya filamu na watu, hutafsiri, huongeza chumvi, husikiliza ukumbi umeshika nini na umechoka nini. Basi kabla hujachora fremu nyingine hata moja, fanyeni hivi: chora michoro ya awali kwenye karatasi kubwa, nendeni Walukuba jioni moja watoto wakiwa wametoka shule, dada awe VJ, na kila penye chaguo watoto wanyooshe mikono. Wewe kaa pembeni na daftari. Chaguo ambalo mikono yote inakwenda upande mmoja si chaguo, lifute. Chaguo linalowagawa watoto hata wakaanza kubishana, hilo ndilo la kulipia kwa michoro. Na pale wanapoanza kupiga soga, kipande hicho ni kirefu mno. Utarudi nyumbani umeokoa miezi ya kazi kwa bei ya karatasi na wino.

Halafu kateni mto. Sehemu ya kwanza iishie Kyoga. Iwe hadithi kamili, yenye mwanzo wake na mwisho wake, mtu akiimaliza aridhike hata kama hamtatoa nyingine. Karuma, Pakwach na Nimule zitakuja kwa sehemu zao, kila moja ikilipiwa na ile iliyotangulia au na kazi za kukodi. Hadithi iliyokwisha unaweza kuiweka mezani kwa mtu. Raymond Malinga wa studio ya Creatures, Kampala, alitoa filamu fupi ya katuni mwaka 2017 juu ya kalabanda, yule mzimu wa shuleni ambao watoto wa Uganda wanaujua. Mwaka 2023 alikuwa mmoja wa waongozaji wa Kizazi Moto, mkusanyiko wa filamu fupi za uhuishaji za Kiafrika uliotoka Disney+. Sisemi filamu ya kalabanda peke yake ndiyo iliyomfikisha huko. Nasema alikuwa na kazi fupi, ya kwake, iliyokwisha, na mtu yeyote angeweza kuketi na kuitazama.

Sasa tuje kwenye mkataba.

Kwanza jueni sheria inakuwekeni wapi. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Haki Jirani ya 2006, kazi iliyoagizwa na mtu, kama hakuna mkataba unaosema vingine, hakimiliki yake ni ya aliyeagiza. Watu wengi wa sanaa hawalijui hili; wanadhani mkataba ukinyamaza, aliyechora ndiye mwenye mali. Kwenye kazi ya kuagizwa ni kinyume chake. Ila Zamda hakuagizwa na mtu. Mlimchora nyinyi kabla shirika halijawajua, na hakimiliki ilianza mlipomweka kwenye karatasi na kwenye kompyuta. Kwa hiyo kusanyeni michoro ya kwanza, maandiko ya dada, mafaili yenye tarehe zake, na mkamsajili Zamda URSB, ofisi ya serikali ya usajili. Usajili si lazima ili haki iwepo, lakini siku ya ubishi cheti kinawapunguzia maneno. Na tenganisheni vizuri: mto, bwawa na masimulizi ya wazee kuhusu maporomoko ni ya watu wote. Chenu ni sura ya Zamda, maneno mliyomwandikia, sauti, muziki, na programu inayomwendesha.

Halafu jiulizeni kwa nini shirika linataka kila kitu. Mara nyingi hakuna ubaya ndani yake. Wanatumia mkataba mmoja kwa kila mtu, kuanzia mchapishaji wa mabango mpaka nyinyi. Wanataka kugawa vipindi bure mashuleni na kwenye televisheni bila kurudi kwenu kila mara. Na wanaogopa kwamba wakishamfanya Zamda ajulikane kwa maji safi, nyinyi mtamkodisha kwa kampuni ya pombe. Hofu hizo mnaweza kuziondoa zote bila kumuuza mtoto. Wapeni leseni ya kuonyesha na kugawa vipindi hivyo sita bure kwa muda mrefu, muwe wakarimu hapo. Ahidini kwa maandishi kwamba katika muda wa leseni Zamda hatatangaza pombe, sigara, michezo ya kamari, wala kitu kinachopingana na afya ya mtoto. Mafaili ya vipindi vilivyokamilika yawe yao. Umiliki wa Zamda ubaki kwenu.

Wakishikilia kwamba lazima wamiliki mhusika, mna njia nyingine, na mimi binafsi ningeiweka tayari tangu mkutano wa kwanza: wachorieni mtoto mwingine. Mpya kabisa, mwenye jina lake, aliyebuniwa kwa ajili ya kunawa mikono tangu siku ya kwanza. Huyo wauzieni moja kwa moja, milele na duniani kote, na bei yake iwe juu ya ile ya leseni, kwa sababu wananunua zaidi. Kazi ya kukodi haina aibu yoyote, imelisha wachoraji wengi wazuri. Mtu akitaka umiliki wote, apate kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya kuuzwa. Hiyo ruhusa mtakayoiomba baadaye, iliyosemwa kwa mdomo na bwana mmoja, isahauni. Bwana huyo anaweza kuhamishwa ofisi mwezi ujao, na kilichoandikwa kwenye karatasi kitabaki.

Kuna jambo hukulisema, na naogopa hata mkataba haulisemi: kila kipindi ni cha dakika ngapi? Kama ni dakika mbili, jumla ni dakika 12, na mnalipwa shilingi milioni tatu kwa dakika. Kama ni dakika tano, jumla ni dakika 30, na mnalipwa milioni moja na laki mbili kwa dakika, watu watatu, lugha tatu. Hizo ni kazi mbili tofauti kabisa. Urefu uandikwe. Malipo ya awali yaandikwe, msianze bila nusu au karibu yake. Idadi ya marekebisho iandikwe: wakishaidhinisha michoro ya awali, kubadili hadithi kunalipiwa upya. Bila sentensi hiyo mtajikuta mnachora upya kila anapoajiriwa mkubwa mpya ofisini. Kwa lugha tatu, midomo ichoreni ya kufunguka na kufunga tu, bila kufuata kila silabi, na msiweke maandishi ndani ya picha, ili Lusoga ikiingia mbadilishe sauti peke yake. Jueni pia wakiwa wakala wa kukata kodi ya zuio watashikilia asilimia 6. Pesa hiyo haipotei, ombeni cheti chake na itapunguzwa kwenye kodi yenu ya mwaka. Na kabla ya kusaini lipeni wakili asome kurasa zote. Ada yake ni ndogo sana mkiilinganisha na kile kinachouzwa hapo.

Kuhusu mwenzako wa programu, tafadhali usimgeuze kuwa msaliti. Ana mtoto mchanga na mwenye nyumba anagonga mlango. Ukiwa katika hali yake nawe ungeona kalamu kwanza. Pesa za kazi ya shirika zikiingia, lipaneni mshahara wa kila mwezi, mdogo lakini wa tarehe inayojulikana, kabla ya kununua kompyuta mpya. Mtu anayejua tarehe 30 kuna kitu anaweza kusubiri Kyoga. Kinachobaki kiwekeni kando kwa ajili ya mto, kwenye akaunti ambayo hakuna mmoja wenu anayeweza kuichukulia hela peke yake.

Na wekeni maandishi baina yenu wiki hii, kabla ya kuliandikia shirika. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa sheria ya ubia ya 2010, watu wanaofanya biashara pamoja bila makubaliano hugawana faida sawa kwa sawa, lakini sheria hiyo haitakuambia nani abaki na sauti ya Zamda dada akihamia Nairobi, wala kama programu inaweza kutumika bila aliyeiandika. Semeni wenyewe: nani ana sehemu gani, anayeondoka anaondoka na nini, na uamuzi gani hauwezi kufanywa bila saini tatu. Kuuza mhusika uwe wa kwanza kwenye orodha hiyo. Jina la biashara kuwa lako peke yako linawaumiza wenzako hata kama hawasemi. Fungueni kampuni yenye hisa za watu watatu, na haki zote za Zamda zihamishiwe kwenye kampuni hiyo kwa maandishi. Dada mwandishi alipokataza sauti yake alikuwa anaulinda mchango wake kwa silaha pekee aliyokuwa nayo. Mpe karatasi, ataiweka chini.

Umeniuliza mtakula nini. Kadi za harusi na matangazo ziendelee, lakini zipeni siku zake katika wiki, na siku za Zamda zisiguswe. Msitegemee kwamba umaarufu peke yake utalipa: Telltale, studio ya michezo ya video ya Marekani, ilijulikana duniani kote kwa hadithi za aina hii, na Septemba 2018 iliachisha kazi karibu wafanyakazi wake wote kwa mkupuo. Wala msifunge hadithi yenu ndani ya jukwaa la mtu mwingine. Watu walitengeneza hadithi za kuchagua kwa vitufe ambavyo YouTube iliruhusu viwekwe juu ya video, na Januari 2019 vitufe hivyo vikazimwa vyote. Desemba 2024 Netflix iliondoa karibu kazi zake zote za namna hii. Mafaili ya asili yawe kwenu, kwenye diski mbili, moja ikae nje ya studio.

Hata hivyo YouTube ni mahali pazuri pa kujaribia bila gharama. Ila kwa video za watoto YouTube hairuhusu viungo vya kugusa mwishoni, basi wekeni njia moja tu ya hadithi. Mtaona wangapi wanafika mwisho na wangapi wanaachia njiani. Toleo kamili liwe programu nyepesi ya Android inayofanya kazi bila intaneti, kwa sababu kifurushi cha data ni pesa ya chakula, na mtoto anatumia simu ya mama kwa dakika chache tu. Godot, programu ya kutengenezea michezo, ni bure na haidai asilimia ya mapato. Kujiandikisha Google Play ni dola 25 mara moja; mkitumia akaunti mpya ya mtu binafsi, mtatakiwa kwanza muwe na wajaribu 12 kwa siku 14 mfululizo. Anzeni kuwatafuta mapema, wazazi wa wale watoto wa Walukuba wanatosha.

La umeme ni rahisi kuliko unavyofikiri. Msitoe video moja kwa moja. Iambieni programu itoe picha moja moja, kila fremu faili lake, Blender inafanya hivyo vizuri. Yaka, umeme wetu wa kulipia kabla, ikiisha kwenye fremu ya 900, mnaendelea na ya 901. Kuziunganisha ziwe video ni kazi ya dakika chache mwishoni.

Mama yako namheshimu. Ameona miaka inapita na mwanawe hana kitu cha kuonyesha zaidi ya chumba chenye blanketi. Uliza shuleni kama wanakubali siku mbili kwa wiki. Wakikubali, chukua. Ni pesa ya uhakika, na darasa zima la watoto watakaokuambia ukweli kuhusu michoro yako.

Mkishamaliza karatasi zenu za ndani, liandikieni shirika barua ya ukurasa mmoja, ya shukrani na ya wazi. Mnaweza kuanza na maneno haya: "Zamda, jina lake, sura yake na sauti yake ni mali ya studio. Shirika linapewa leseni ya kuonyesha na kugawa bure vipindi sita vya elimu ya afya, ndani ya Uganda, kwa miaka kumi, na inaweza kuongezwa kwa makubaliano." Chini yake wekeni bei ya njia hiyo, kisha bei ya mhusika mpya watakayemmiliki wote, wachague. Isainiwe na nyote watatu. Wakijibu, niandikie nione walichosema kabla hamjarudisha neno.

Shangazi